Lenzi Ipi Ndefu Itafaa Klabu Yetu?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, afisa wanyamapori mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu uliofanyika ndani ya bwalo la shule. Tumeondoa salamu ndefu za mwanzo. Mengine yako kama yalivyosemwa. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma, mahali pale pale tulipokuwa tukiketi sisi tukiomba hotuba za wageni ziishe upesi:

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Naahidi kutowachosha, kwa maana nasikia harufu ya pilau kutoka jikoni, nami najua siwezi kushindana nayo.

Jambo lililonileta hapa ni dogo kwa sura lakini si dogo kwa matokeo yake. Ninyi nyote mliochangia mfuko wa Klabu ya Mali Hai ya shule mnajua kwamba fedha zimepatikana. Mnajua pia kwamba mwenzetu mmoja mkarimu ameipa klabu kamera mbili za Nikon D7200. Kilichobaki ni lenzi ndefu, ile ya kumleta karibu mnyama aliye mbali. Hapo ndipo Kamati yetu ilipogawanyika. Wengine wanasema tununue lenzi moja kubwa, ya milimita 600, ile mnayoiona mabegani mwa wapiga picha wa mashindano ya dunia. Wengine wanasema tununue lenzi za kuvuta, ndogo zaidi na za bei nafuu. Barua zimeandikwa, na maneno mengine yamekuwa makali. Kamati ikaona afadhali nije niseme, kwa kuwa nimebeba lenzi za namna zote mbili, na mgongo wangu ni shahidi.

Wazee wetu walisema, mchagua jembe si mkulima. Naikubali methali hiyo, lakini nusu tu. Mkulima mvivu husingizia jembe, hiyo ni kweli. Lakini ukimpa mtoto wa miaka kumi na minne jembe la kilo tano, hutapata shamba, utapata mtoto mgonjwa.

NAMBA MBILI ZA KUZIJUA

Kwanza vijana wanifuate, hasa wale wa fizikia. Kila lenzi ina namba mbili zinazotawala mambo yote. Namba ya kwanza ni urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita. Urefu ukizidi, kipande cha dunia kinachoingia katika picha hupungua, na mnyama huonekana mkubwa. Kwa kamera zetu, ambazo sensa yake ina upana wa milimita 23.5, hesabu ni rahisi. Kwa lenzi ya milimita 500, ukimtazama ndege aliye mita 20 kutoka kwako, picha itachukua upana wa sentimita 94 mahali alipo. Ndege mwenye urefu wa sentimita 30 atajaza karibu theluthi moja ya picha. Kwa lenzi ya milimita 600, upana huo ni sentimita 78, na ndege yule yule atajaza kidogo chini ya sehemu mbili za tano. Basi tofauti kati ya 500 na 600 ipo, lakini si mbingu na ardhi.

Tena kamera hizi zina pikseli milioni 24. Ukiipunguza kingo picha ya lenzi ya 500 mpaka ionekane kama ya 600, bado utabaki na zaidi ya milioni 16. Zinatosha kabisa kuchapa picha ya kutundikwa katika bwalo hili.

Namba ya pili ni ile inayoandikwa kwa herufi f. Hiyo inaeleza ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga ukilinganishwa na urefu wa lenzi. Gawanya urefu kwa namba hiyo utapata upana wa tundu. Lenzi ya 600 yenye f/4 ina tundu la milimita 150, karibu upana wa sahani ya chai. Lenzi ya 500 yenye f/5.6 ina tundu la milimita 89 hivi. Sasa mnaelewa kwa nini ile ya kwanza ni nzito na ni ghali: kioo kikubwa kisicho na dosari hakitengenezwi kwa bei ya chupa ya soda.

Kutoka f/5.6 hadi f/4 mwanga huwa maradufu. Maana yake, mahali ambapo mwenye f/5.6 anafyatua kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, mwenye f/4 anafyatua kwa sehemu moja ya 1,000. Simba akikimbia jioni, hiyo ndiyo tofauti ya miguu inayoonekana na miguu iliyokorogeka kama uji. Nasema hivi mapema ili nisionekane kuidharau lenzi kubwa. Yenye haki tuipe haki yake.

LENZI TATU MEZANI

Zinazozungumzwa na Kamati ni tatu, na zote huingia katika kamera tulizo nazo.

Ya kwanza ni Nikon ya milimita 600 f/4 iliyotoka mwaka 2007. Uzito wake ni kilo 5 na gramu 60. Hebu fikirini mfuko wa sembe wa kilo tano, kisha fikirini mmeushika mbele ya uso kwa mikono miwili, mkimsubiri korongo aruke. Ilipokuwa mpya bei yake ilikuwa kama dola 10,000 za Marekani. Tunayoitajwa sisi imekwisha kutumika, lakini hata hivyo ingemeza karibu mfuko wote.

Ya pili ni lenzi ya kuvuta ya 200 hadi 500, f/5.6 mwanzo hadi mwisho, iliyotoka mwaka 2015. Uzito wake ni kilo 2 na gramu 300 pamoja na pete ya kushikia. Ilipotoka iliuzwa dola 1,400 hivi, na leo zilizotumika zinapatikana.

Ya tatu ni ya milimita 500 f/5.6 ya urefu mmoja, ya mwaka 2018, iliyotengenezwa kwa kioo chenye mikunjo ya duara myembamba sana. Ufundi huo umeifanya iwe fupi na nyepesi ajabu: kilo 1 na gramu 460 tu. Ilipotoka iliuzwa kama dola 3,600.

Ndugu zangu, ningekuwa najinunulia mwenyewe, mzee anayetembea peke yake akitafuta ndege, ningechukua hiyo ya tatu bila kuuliza. Lakini hatumnunulii mzee mmoja. Tunawanunulia watoto arobaini.

KOSA LANGU MWENYEWE

Niwaeleze kosa langu ili liwe faida kwenu. Miaka kadhaa iliyopita niliazima lenzi kubwa ya 600, nikaenda nayo Mikumi kwa siku nne. Nilikuwa na kazi moja: kupiga picha za tembo kwa ajili ya daftari la utambuzi. Vijana wa klabu mnaijua kazi hiyo. Tembo mmoja hutambulikana kwa masikio yake, yaani matundu, michaniko na mikato ya ukingoni, pamoja na umbo la pembe. Bila masikio hakuna jina, na bila jina huwezi kujua mwakani kama ni yule yule au ni mgeni.

Siku ya kwanza tembo walikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga ya Mkata. Nilipiga picha nyingi saa sita mchana. Nilipozitazama jioni, zote zilikuwa kama zimepigwa kupitia maji yanayochemka. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hucheza, na lenzi ndefu huukuza mchezo huo wa hewa pamoja na mnyama. Hakuna lenzi ya dola 10,000 inayoweza kuifuta hewa. Dawa yake ni mbili tu: kuamka mapema, na kuwa karibu.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, hewa ikiwa imetulia, tembo dume mkubwa alitoka vichakani akasimama mita 15 kutoka garini. Sikuwahi kumwona kabla. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika vibaya, alama ambayo mtu hawezi kuisahau. Nikainua lile dude. Kwa umbali huo, lenzi ya 600 huchukua upana wa sentimita 59 tu. Nilipata jicho, kope, na makunyanzi ya ngozi. Sikio halikuingia. Kurudi nyuma na gari sikuweza, kwa kuwa mwenye kujua tabia ya tembo hawashi injini akiwa ameangaliwa usoni namna ile. Dereva wangu alikuwa na simu yake ya mkononi, lakini mbele yake palikuwa na kioo chenye vumbi. Tembo akageuka, akaenda zake. Mpaka leo daftari lina ukurasa wenye jicho zuri sana lisilo na jina.

Ningekuwa na lenzi ya kuvuta, ningerudisha hadi 200, na picha ingechukua upana wa mita 1 na sentimita 76. Hapo kichwa, pembe na sikio vyote vingeingia, ama kwa picha moja ama kwa mbili. Nilikuwa na lenzi bora kuliko zote, nikakosa picha iliyonipeleka.

Msiseme hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Kanuni za hifadhi zetu hazituruhusu kuacha barabara na kumfuata mnyama porini, na ni kanuni nzuri. Maana yake ni kwamba si sisi tunaochagua umbali. Mnyama ndiye anayechagua. Leo yuko mita 200, kesho yuko mita 15. Anayechaguliwa umbali anahitaji lenzi inayoweza kubadilika.

MSITUNI NA GIZANI

Sasa nimsikilize mpinzani wangu, maana yupo hapa na ananitazama kwa jicho kali. Atasema: "Na msitu wa Udzungwa je?" Swali zuri. Klabu huenda Udzungwa kuwatazama mbega wekundu, wanaopatikana huko tu duniani, na chini ya miti ile hata saa nne asubuhi ni kama magharibi. Pale mwanga maradufu wa f/4 ni mali.

Nakubali. Lakini Udzungwa hatuendi kwa gari, tunapanda mlima kwa miguu. Anayetaka mwanga huo atapanda na kilo tano za lenzi, pamoja na stendi ya miguu mitatu iliyo imara vya kutosha kuibeba. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za wanyama katika nchi hii na kutoa kitabu chake mwaka 1905, alitembea na vyombo vizito kuliko hivyo, lakini alikuwa na msururu wa wapagazi. Tena baadhi ya picha zilizompa sifa kubwa si za lenzi ndefu. Ni zile za usiku, ambazo mnyama mwenyewe alivuta uzi uliofungwa kwenye kamera na unga wa mwanga ukalipuka. Hata yeye alijua kwamba kumngoja mnyama karibu kunashinda kumvizia kutoka mbali.

Kwa mbega aliyeketi akila majani, lenzi ya pili ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, ambacho kwa vipimo vya kiwanda hukuruhusu kushuka hatua nne na nusu za kasi. Ukitulia na kubana pumzi, sehemu moja ya 125 ya sekunde inatosha. Mkumbuke tu kwamba kifaa hicho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mbega. Akiruka, picha itakorogeka. Hasara hiyo ipo, na siifichi.

Kuna pia wanaopendekeza kipande cha kuongeza urefu, kinachokaa kati ya lenzi na kamera. Cha mara 1.4 hufanya 500 kuwa 700, lakini f/5.6 huwa f/8, na kamera zetu kwa mwanga huo hulenga zenyewe kwa nukta moja ya katikati tu. Kwa mwanzilishi nasema hapana. Ni kama kumpa mtu miwani ya jirani.

NANI ATAISHIKA?

Ndugu Mwenyekiti, naja kwenye kiini. Swali tulilokuwa tukibishania lilikuwa, "Lenzi ipi ni bora?" Naona tulikosea swali. Swali la kweli ni, "Lenzi ipi itashikwa na mikono mingi?"

Najua shule zilivyo, nanyi mnajua. Kitu cha thamani kikiletwa, hupokewa kwa sherehe, hupigwa picha, kisha hufungiwa katika kabati. Ufunguo hukaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo akiwa safarini, kitu hakipo. Simlaumu mtunza kabati. Akikipoteza au kikivunjika, yeye ndiye atakayeulizwa. Lakini lenzi katika kabati lenye unyevu huota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Lenzi ya 600 itakufa kabatini ikiwa haijazaa picha hata ishirini.

Lenzi mbili za 200 hadi 500, moja kwa kila kamera, zitakwenda safari zote. Garini wanafunzi wanane watapokezana bila kuogopa. Msichana wa Kidato cha Pili ataishika na kuiinua, na mvulana wa Kidato cha Tano ataishika vile vile. Moja ikiharibika, nyingine ipo. Na fedha itakayobaki ndiyo muhimu kuliko lenzi zenyewe: italipia mafuta ya gari na viingilio vya hifadhi. Kila mmoja wenu aliyekuja hapa kwa basi kutoka Dar es Salaam amepita Mikumi, kwa kuwa barabara kuu hukatiza hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi. Wengi wamemwona twiga dirishani kwa nusu dakika, basi likaendelea. Lakini kuna wangapi kati ya vijana hawa waliowahi kuingia ndani, wakazima injini, wakakaa saa mbili mahali pamoja? Picha hutoka katika hizo saa mbili.

Pendekezo langu basi ni hili: lenzi mbili za kuvuta, zilizotumika lakini zilizokaguliwa. Zimulikwe kwa tochi kutoka nyuma ili kuona kama zina kuvu. Zijaribiwe kwenye kamera zetu wenyewe kabla ya kulipa, na pete ya kuvutia izungushwe mwanzo hadi mwisho isikwame. Zihifadhiwe katika sanduku lisiloingiza hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na vifuko hivyo vibadilishwe. Daftari la kuazima liwepo, na liendeshwe na wanafunzi wenyewe.

Stendi ya gharama msinunue. Garini haina nafasi. Shoneni mfuko wa turubai, ukubwa wa mto mdogo, mjaze maharage, muuweke kwenye dirisha la gari, na lenzi ilale juu yake. Zimeni injini, na mtu asicheke wala kugeuka garini wakati mwenzake anafyatua. Hakuna chombo kitakachotuliza lenzi ndefu garini vizuri zaidi kwa bei hiyo. Wenzangu wa zamani, mnayakumbuka maharage ya shule hii. Tuliyalalamikia miaka yote. Kumbe yalikuwa na kazi nyingine, ila hatukuambiwa.

Kwenu vijana nina neno moja la mwisho. Msingoje lenzi. Kabla haijafika, nendeni bwawani nyuma ya shule na kamera mliyo nayo, kaeni kimya, mwone mdiria anarudi kwenye tawi gani baada ya kuvua. Atarudi kwenye tawi lile lile, mara kwa mara. Mkishalijua tawi, mtajua pa kukaa, na mkishajua pa kukaa, lenzi fupi huwa ndefu. Siku lenzi itakapofika, itawakuta mmekwisha kuwa wapiga picha, nayo itawaongezea tu urefu wa mkono.

Na yeyote kati yenu atakayekutana Mikumi na tembo dume mkubwa, sikio la kushoto limechanika vibaya, tafadhali amrudishe nyuma kwa kuvuta lenzi mpaka sikio liingie, kisha aniletee picha hiyo. Nimemwekea nafasi daftarini.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza.